Valvu ya EGR: namna ya kuthibitisha ubovu kabla ya kununua nyingine

Gari likianza kutoa moshi mweusi na taa ya cheki injini ikawaka, jina la EGR, yaani mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, hutajwa mapema sana gerejini. Valvu inafunguliwa, inasafishwa au inazibwa kwa kipande cha bati, na mwezi haujaisha taa imerudi. Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua hadi uweze kusema kwa ushahidi kwamba valvu ndiyo mbovu, au kwamba kuna kitu kingine kinachoifanya ionekane mbovu. Mifano yangu mingi ni ya Hiace na Hilux zenye injini za dizeli za 2KD-FTV ya lita 2.5 na 1KD-FTV ya lita 3.0, kwa kuwa ndizo zinazojaa kwenye gereji zetu, lakini mbinu ni zilezile kwa gari lingine lolote lenye mfumo huu.

Valvu inafanya kazi gani

Sehemu ya moshi unaotoka kwenye silinda hurudishwa kwenye njia ya hewa safi na kuingia tena ndani ya injini. Moshi huo una oksijeni kidogo, kwa hiyo hupunguza joto la mwako. Joto likipita takriban nyuzi 1,370 za Selsiasi, naitrojeni na oksijeni za hewani huungana kwa kasi na kutoa oksidi za naitrojeni, gesi zinazoumiza mapafu. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari Marekani walianza kuufunga mfumo huu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo karibu kila dizeli ya kisasa inao.

Valvu yenyewe ni mlango tu. Kompyuta ya injini huufungua injini ikishapata moto na mzigo ukiwa mdogo. Kwenye dizeli hufunguliwa hata gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, mlango hufungwa, maana hapo injini inataka hewa safi yote inayoweza kupata. Jambo hilo moja likikaa kichwani, dalili nyingi zinajieleza zenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba gari lako linayo

Wenye Vitz, IST na Probox zenye injini ya 1NZ-FE wamewahi kuambiwa EGR imeziba. Injini hiyo haina valvu ya EGR ya nje. Kazi hiyo inafanywa na VVT-i kwa kuchezesha muda wa kufunguka na kufunga kwa vali za injini. Aqua na Prius ya kizazi cha tatu, kinyume chake, zinayo, pamoja na kipozeo cha moshi kinachopitishwa maji ya rejeta.

Ukishaiona, jua ni ya aina gani. Yenye kikombe cha bati juu yake na mpira mwembamba unaoingia hapo ni ya vakyumu, yaani huvutwa na pampu ya kunyonya hewa kupitia solenoidi, kijivalvu kinachoendeshwa kwa umeme. Yenye mota na soketi ya waya tano au sita ni ya umeme. Zipo pia za vakyumu zenye sensa ndogo juu inayoieleza kompyuta mlango umefunguka kiasi gani. Usichanganye aina hizi, kwani njia za kuzipima ni tofauti.

Sikiliza gari kabla ya kufungua boneti

Valvu iliyokwama wazi na iliyokwama ikiwa imefungwa hazilalamiki kwa sauti moja, na dizeli hailalamiki kama petroli.

Kwenye petroli, iliyokwama wazi inasumbua zaidi sailensi. Injini inatetemeka, inamisi, inazima kwenye taa za barabarani, lakini ukishachanganya mwendo gari linatulia. Kwenye dizeli ni kinyume. Sailensi gari linaweza kuwa la kawaida kabisa, kwa kuwa pale moshi unatakiwa urudi. Taabu inakuja kwenye mlima. Panda Kitonga na abiria wamejaa, kanyaga hadi mwisho, na mlango uliotakiwa kufungwa ukabaki wazi: nguvu zinakata, nyuma kunatanda moshi mweusi, gari linachelewa kuchanganya kila ukibadili gia.

Iliyokwama imefungwa haina kelele nyingi. Dizeli inaweza kwenda miaka bila dereva kuhisi kitu zaidi ya taa ya cheki injini. Petroli inaweza kugonga, ule mlio wa kokoto ndani ya injini unapopanda kilima.

Angalizo kuhusu moshi mweusi: maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa, basi. Chujio la hewa lililojaa vumbi, mpira wa tabo uliopasuka, nozo zinazovuja na sensa chafu ya hewa vyote hutoa moshi uleule. Kagua chujio na mipira ya tabo kabla ya kitu kingine chochote. Ni dakika kumi, na kwa barabara zetu za vumbi huwa napata jibu hapo mara nyingi tu.

Soma misimbo, kisha isome vizuri

Chomeka skana, mashine inayosoma misimbo ya makosa kwenye kompyuta ya injini. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaongei na vile vifaa vidogo vya bei nafuu vya bluetooth, hasa dizeli za miaka ya nyuma, hivyo skana ikishindwa kuunganika usidhani kompyuta imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayoijua Toyota au kampuni ya gari lako.

P0401 maana yake moshi unaorudi ni mdogo kuliko unaotakiwa. P0402, ni mwingi mno. P0400 ni hitilafu ya mtiririko kwa ujumla. P0403 ni kosa la umeme kwenye saketi inayoiendesha valvu. P0404 ni kwamba valvu haifiki pale ilipoamriwa. P0405 na P0406 zinahusu sensa ya nafasi ya mlango, ya kwanza ikiwa na volti za chini mno na ya pili za juu mno. P2457 inahusu kipozeo.

Hakuna hata mmoja kati ya misimbo hiyo unaosema "nunua valvu". P0401 inaweza kuletwa na valvu iliyokwama, njia zilizoziba masizi, mpira wa vakyumu uliotoboka, solenoidi iliyokufa, au sensa ya hewa inayodanganya. P0403, P0405 na P0406 zinakutuma kwenye nyaya kabla ya chuma. Andika misimbo yote uliyokuta, pamoja na ile data iliyohifadhiwa wakati kosa lilipojitokeza (joto la injini, mwendo, mzunguko), ndipo uifute. Anayefuta bila kuandika ametupa nusu ya ushahidi.

Pima betri pia. Dhaifu huleta misimbo ya ajabu kwenye valvu za umeme.

Kipimo cha hewa, chenye majibu mengi kuliko vyote

Hapa ndipo ningependa utumie muda. Sensa ya hewa, ile iliyokaa baada ya chujio, hupima hewa safi peke yake. Moshi ukirudi kwa wingi, nafasi ya hewa safi inapungua na namba inashuka. Kwa hiyo sensa hii inakuonyesha EGR inavyofanya kazi bila kufungua bolti hata moja.

Tuanze na hesabu. Injini ya lita 2.5 yenye mipigo minne huvuta nusu ya ujazo wake kila mzunguko. Kwa mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni takriban lita 937 kwa dakika. Lita moja ya hewa ya Dar es Salaam ina uzito wa karibu gramu 1.18, hivyo kikomo ni kama gramu 18 kwa sekunde. Silinda hazijai kikamilifu, kwa hiyo EGR ikiwa imefungwa tarajia 15 au 16. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, tarajia 13 hivi. EGR ikifunguka namba hushuka waziwazi, pengine hadi karibu nusu.

Washa injini ipate moto kabisa, iache sailensi, zima AC, uangalie gramu kwa sekunde kwenye skana. Kisha chomoa mpira mwembamba wa vakyumu kwenye valvu na uzibe mdomo wa mpira huo kwa kidole au bolti. Kama ni ya umeme, tumia skana kuiamuru ifunge. Halafu linganisha.

Namba ikipanda, kwa mfano kutoka 8 hadi 15, valvu ilikuwa wazi na imefunga. Inafanya kazi, na tatizo lako litafute kwingine. Namba ikibaki juu kabla na baada, hakuna moshi uliokuwa unarudi: ama valvu haifunguki, ama njia zimeziba, ama haijaamriwa kufunguka. Ikibaki chini kabla na baada, mlango umekwama wazi, au hewa inazibwa mahali fulani, au sensa imechafuka na kusoma pungufu.

Kabla ya kuamua, hakikisha pia sensa ya shinikizo inasema kweli. Swichi ikiwa on na injini haijawashwa, sensa hiyo, iliyo kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), inatakiwa kusoma shinikizo la hewa ya mahali ulipo: kama kilopaskali 101 Mombasa au Dar, na kama 82 Nairobi. Ikisoma kitu tofauti kabisa, rekebisha hiyo kwanza. Nimeshaona gari la Nairobi likihukumiwa kwa sababu fundi alitarajia namba za pwani.

Skana nyingine huonyesha pia asilimia ya EGR iliyoamriwa na asilimia ya kosa. Kosa likielea karibu na sifuri wakati amri inapanda na kushuka, mlango unatii. Amri ikiwa 40 na kosa likakaa -100, hakuna kilichosogea.

Valvu ya vakyumu

Unahitaji pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji. Chomoa mpira kwenye kikombe, funga pampu, vuta hadi kilopaskali 50 hivi injini ikiwa imezimwa. Sindano ya geji ikae palepale. Ikishuka, ngozi ya ndani imetoboka na valvu hiyo haina dawa zaidi ya kubadilishwa. Ikishikilia, achia, washa injini, vuta tena ikiwa sailensi. Petroli itatetemeka au kuzima. Dizeli itabadili mlio, iwe nzito kidogo, na ile namba ya hewa itashuka. Isipobadilika chochote wakati ngozi inashikilia, mlango umekwama au njia zimeziba.

Sasa geuka upande wa pili, yaani kile kinachotakiwa kuifikia valvu. Kwenye dizeli nyingi za Toyota pampu ya vakyumu imefungwa mgongoni mwa alternata. Pima pale inapotoka: pwani, pampu nzima hufika kilopaskali 80 na zaidi ndani ya muda mfupi. Nairobi haiwezi kufika hapo hivi hivi, maana hewa yenyewe haizidi 82. Pampu ikiwa dhaifu, breki nazo zitakuwa nzito kukanyaga, kwa kuwa busta inategemea vakyumu hiyohiyo. Ukikuta hivyo, acha EGR na ushughulikie breki leo.

Fuata mipira kutoka pampu hadi solenoidi, na kutoka solenoidi hadi valvu. Ipinde kwa vidole. Iliyopikwa na joto huonyesha nyufa nyembamba pale inapokazwa kwenye bomba, na ufa huo huo unaweza kujifunga ukiiachia. Kata ncha iliyochoka kama urefu unaruhusu, au badilisha mpira mzima. Nani aliyewahi kufanya kazi humo kabla yako ni swali zuri pia: mipira miwili ikibadilishana nafasi kwenye solenoidi, valvu nzima kabisa itaonekana imekufa.

Valvu ya umeme

Chomoa soketi, weka swichi on, pima kwa multimita. Waya mmoja wa sensa unatakiwa kuwa na volti 5, mwingine ni ethi nzuri. Volti 5 zikikosekana, kosa liko kwenye nyaya au kompyuta, au sensa nyingine inayoshiriki waya huo imeshoti. Rudisha soketi na upime waya wa ishara kwa kuingiza pini nyembamba nyuma ya soketi. Usitoboe ganda la waya. Kwa unyevu na chumvi ya pwani, tundu hilo litaota kutu ya kijani na kukurudishia gari baada ya miezi kadhaa.

Mlango ukiwa umefungwa, sensa nyingi husoma kati ya volti 0.5 na zaidi kidogo ya 1, na mlango ukifunguka namba hupanda taratibu. Iangalie ikipanda. Ikiruka au ikipotea kwa nukta moja, njia ya ndani ya sensa imelika. Tikisa nyaya wakati unapima. Panya nao hula nyaya, hasa gari likilala siku nyingi bila kuwashwa.

Skana ikiamuru valvu ifunguke na ifunge ukiwa umesimama kando, sikiliza. Mota inayolia bila mlango kusogea ina gia zilizovunjika au shina lililogandishwa na masizi. Kimya kabisa wakati volti zinafika, mota imekufa.

Kuivua na kuisoma

Fika hapa pale tu vipimo vimekuelekeza. Injini ipoe kabisa, ondoa terminali hasi ya betri, na tangu jana yake uwe umepaka dawa ya kutu kwenye nati. Stadi iliyokatikia kwenye manifodi ni kazi ya siku nzima. Usiweke kidole kwenye mdomo wa valvu ya umeme iliyounganishwa. Mlango wake hufunga kwa nguvu ya kukata.

Kabla ya kukwangua, tazama. Masizi makavu kama unga wa mkaa ni ya kawaida kwa kiasi fulani. Yakiwa mazito, dizeli haiungui vizuri, kagua nozo. Masizi mabichi yanayong'aa, yanayonata kama lami, yamechanganyika na oili: inatoka kwenye bomba la pumzi ya injini au kwenye tabo inayovuja. Safisha utakavyo, oili hiyo isipozuiwa uchafu utajijenga tena. Ukikuta gamba jeupe au la kijani, au njia iliyooshwa ikawa safi isivyo kawaida, kipozeo kinavuja maji.

Kwa kipozeo, dalili nyingine ni maji ya rejeta yanayopungua bila tone chini ya gari, na moshi mweupe wenye harufu tamu asubuhi. Hizo ni dalili za gasketi ya silinda pia, hivyo usiamue kwa macho. Kivue, ziba njia zake za maji isipokuwa moja, ingiza hewa ya shinikizo dogo na ukizamishe kwenye beseni la maji. Mapovu yakitoka kwenye njia ya moshi, kimepasuka.

Jaribu ukaaji wa mlango kwa tochi: imulike upande mmoja chumba kikiwa na giza, tazama upande wa pili. Mwanga ukipenya pembeni mwa mlango uliofungwa, haukai vizuri. Mara nyingi ni punje moja tu ya masizi.

Safisha kwa dawa ya kusafishia kabureta na brashi laini, ukiwa umevaa miwani na barakoa. Mota na sensa vielekee juu ili dawa isitiririkie ndani, na valvu nzima isizamishwe kamwe. Usilazimishe shina kwa bisibisi. Angalia pia njia za manifodi. Kama tundu la kidole gumba limebaki la penseli, kusafisha valvu peke yake hakutakusaidia.

Kuhusu kuziba

Utaambiwa uweke bati na kusahau. Mimi siungi mkono. Gari lenye kompyuta inayofuatilia mtiririko litaandika P0401, na taa ikishawaka daima hutaijua siku inapowaka kwa jambo kubwa. Na zile oksidi za naitrojeni zinabaki na watu wa kituo cha daladala, wauza ndizi na watoto wa shule. Bati la muda kama kipimo, kwa safari fupi ya majaribio, linakubalika: moshi mweusi ukikoma mlimani, umethibitisha mlango unavuja. Kisha litoe.

Ikiwa kweli imekufa

Linganisha namba ya sehemu iliyogongwa kwenye valvu ya zamani, herufi kwa herufi. Ukinunua iliyotumika kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na tochi na pampu au multimita, ufanye vile vipimo vya ngozi, mwanga na sensa palepale dukani kabla ya kutoa pesa. Gasketi iwe mpya, nyuso mbili ziwe safi, bolti zikazwe kwa zamu na kwa kipimo cha kitabu cha gari. Valvu nyingi za umeme zinahitaji skana iifundishe kompyuta mahali mlango unapofungia. Hatua hiyo ikirukwa, P0404 inaweza kurudi siku hiyohiyo.

Futa misimbo, rudia kile kipimo cha hewa na uandike namba mpya kando ya za zamani. Halafu endesha kwa muda wa kutosha injini ipate moto kabisa: mwendo wa wastani usiobadilika, kuachia mafuta kwenye mteremko, kisha mlima mmoja kwa nguvu zote huku mtu akiangalia moshi nyuma. Kompyuta nyingi huhitaji kosa litokee kwenye safari zaidi ya moja ndipo ziwashe taa, kwa hiyo chomeka skana tena baada ya siku chache na usome misimbo inayosubiri, hata kama dashibodi haina taa.